Mstaafu wa jeshi apewe kitabu na vijana, si cheti peke yake

Mheshimiwa Mhariri,

Assalamu alaykum. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuzungumze na masheha, kamati za maji na vijana wa Unguja na Pemba juu ya mtu ambaye shehia nyingi zinaye lakini hazijui zimtumie vipi. Huyo ni mstaafu wa jeshi aliyesomea ufundi, ambaye sasa anautumikia mji wake bila ya malipo. Awe alitoka JWTZ au vikosi vya Zanzibar kama KMKM na JKU, awe mhandisi mwenye shahada au fundi mitambo aliyefundishwa kambini, kazi inayomfuata uraiani ni ile ile. Pampu ikizima usiku huitwa yeye. Tangi likivuja huitwa yeye. Skuli ikipata kompyuta na umeme haufiki darasani, huitwa yeye. Siku ya sherehe husimamishwa mbele ya watu, akapewa cheti na makofi, kisha kila mtu akarudi kwake.

Heshima hiyo ni haki yake na hatuipingi. Tunachosema ni kwamba haitoshi. Siku mzee huyo akiugua, ujuzi wote wa kisima cha shehia unalala kitandani pamoja naye. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati wa vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, leo ameshapita miaka 65. Muda wa kuuchukua ujuzi wake si mrefu, na hauchukuliwi kwa hotuba.

Mhandisi wa jeshi hufundishwa mambo mawili ambayo fundi wa mtaani mara nyingi hakubahatika kuyapata: kukagua kitu kabla hakijaharibika, na kukabidhi zamu kwa maandishi. Pampu nyingi za vijijini zinakufa kwa kukosa mambo hayo mawili, wala si kwa uzee. Lipo na la tatu. Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalilivunja daraja la Kyaka juu ya mto Kagera, na njia ikarudishwa kwa daraja la Bailey. Daraja la namna hiyo hujengwa kwa vipande vya chuma, kila kimoja kina urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 260 hivi, hubebwa na watu sita na kufungwa kwa pini. Kipande chochote huingia popote. Hilo la kipande kuingia popote ndilo tunalotaka lifike kwenye kamati zetu. Unaweza kukuta shehia tatu zinazopakana, kila moja na kasha lake la umeme la aina yake, na likiungua moja hakuna wa kumuazima mwenzake hata fyuzi. Pampu yenyewe lazima ilingane na kina na uwezo wa kisima, hapo hakuna kulazimisha. Lakini pale mota zinapolingana nguvu, kontakta inayowasha mota, kapasita inayoisaidia kuanza kuzunguka na relei inayoilinda vinaweza kuwa vya namna moja, na kisanduku kimoja cha spea kikahudumia shehia zote tatu. Kamati zikae pamoja kabla ya kununua. Mwache mzee wenu mstaafu aandike orodha.

Tuje kwenye kitabu, maana ndicho kiini cha barua hii. Inunuliwe kaunta buku yenye jalada gumu, ifungwe kwa kamba ndani ya banda la pampu. Kila siku mwenye zamu aandike tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, volti, ampea (kipimo cha umeme unaovutwa na mota), namba iliyopo kwenye mita ya maji, na sahihi yake. Mara moja kwa wiki aongeze kina cha maji kisimani, kabla ya kuwasha na baada ya pampu kufanya kazi saa moja. Kazi yote haichukui dakika kumi. Anayepokea zamu naye atie sahihi kwamba amepokea funguo na kwamba amesoma yaliyoandikwa jana.

Pasipokuwa na mita ya maji, pipa la lita 200 linatosha. Fungua maji yaingie kwenye pipa na utazame saa. Likijaa kwa dakika mbili na nusu, pampu inatoa lita 80 kwa dakika, yaani lita 4,800 kwa saa. Shehia yenye watu 2,000, kila mmoja akihesabiwa lita 20 kwa siku, inahitaji lita 40,000, kwa hiyo pampu hiyo ifanye kazi saa 8 na dakika 20. Baada ya miezi michache pipa lile lile likichukua dakika nne, mumeshuka hadi lita 3,000 kwa saa, na hapo ndipo kitabu kinapoanza kusema nini kimetokea.

Maji yakipungua na ampea nazo zikashuka, tazama kina cha maji kwanza. Ama kisima kimeshuka, ama chujio la pampu limeziba. Maji yakipungua lakini ampea zimebaki karibu na zamani, shuku bomba la kupandishia limetoboka chini ya ardhi, au feni za ndani ya pampu zimelika kwa mchanga. Ampea zikipanda, pima volti kabla ya kuilaumu mota, na volti zikiwa nzuri basi kuna kitu kinakaza ndani, ama mchanga ama beringi. Na ikiwa pampu ya fezi tatu imetoka kufungwa upya, inalia vizuri lakini maji ni haba, usiitoe kisimani. Huenda inazunguka kinyume. Zima, badilisha nafasi ya waya mbili kati ya zile tatu, uwashe tena. Watu wanang'oa mita 40 za bomba kwa sababu ya waya mbili.

Kuhusu umeme, tunaomba kamati zielewe kwamba mota haiungui kwa ghafla kama wengi wanavyodhani. Mota ya fezi moja inataka volti 230, na ile ya fezi tatu inataka 400 kati ya fezi na fezi. Ikishuka kwa zaidi ya asilimia 10, yaani chini ya 207 au 360, mota hulazimika kuvuta ampea nyingi zaidi kufanya kazi ile ile, na joto hupanda. Kwenye fezi tatu kuna hatari nyingine ambayo mtu asiyepima zote tatu haioni. Chukua mfano wa vipimo 410, 400 na 375. Wastani wake ni 395, na kilicho mbali zaidi na wastani kimeachana nao kwa 20, ambayo ni asilimia 5. Ukiizidisha tano kwa yenyewe kisha mara mbili unapata 50, na hiyo ndiyo takriban asilimia ya joto linaloongezeka ndani ya mota. Tofauti ikifika hapo pampu isiwashwe, na mafundi wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar, wajulishwe, maana mara nyingi chanzo ni muungano uliolegea nguzoni.

Kosa tunalolikuta kila mara ni la relei ya kulinda mota isizidiwe. Inakata, watu wanataka maji, mtu anachukua bisibisi anaipandisha. Maji yanatoka, na mwenye bisibisi anaonekana fundi. Baada ya wiki mota imeungua. Relei ile inatakiwa isimame kwenye ampea zilizoandikwa kwenye kibao cha mota, na ikikata mara mbili kwa siku moja ni kwamba kuna hitilafu inayotafutwa. Mzee aliyezoea amri za kambini hafanyi mchezo na jambo hili, na ndiyo maana mara nyingine anaonekana mkali.

Pampu ya fezi moja ikinguruma bila ya kuzunguka kisha breka ikakata, kapasita ndiyo ya kwanza kushukiwa. Izimwe swichi kuu, itolewe umeme uliobaki kwa rizista, si kwa kugusanisha bisibisi, halafu ndio ipimwe. Kapasita hubaki na umeme hata swichi ikiwa imezimwa. Mota ikipimwa kwa mega, kile kifaa cha kupima usugu wa waya, ya volti 500 na usugu kati ya waya na ardhi ukawa chini ya megaomu 1, muungano wa waya ndani ya maji umeingia maji, au koili zimeanza kuoza. Muungano ule ufanywe kwa kifaa chake maalumu cha kuzuia maji. Tepu nyeusi ya dukani haiwezi kazi ya chini ya maji.

Valvu ya kuzuia maji yasirudi nayo hudharauliwa kwa udogo wake. Ikichoka, kila pampu inapozimwa maji ya bomba zima hushuka na kuizungusha pampu kinyume. Mtu akiwasha wakati huo huo, mota inalazimishwa kugeuka upande wa pili, na shafti inaweza kukatika. Kwa hiyo baada ya kuzima, au baada ya umeme kukatika na kurudi, isubiriwe dakika tano. Pia kila kuwasha kunavuta ampea mara tano hadi saba ya kawaida, kwa hiyo pampu inayowaka na kuzima kila dakika chache kwa sababu boya la tangi limekaa vibaya inajichosha kuliko ile inayokwenda saa nane mfululizo.

Visima vyetu vina jambo lao ambalo vitabu vya bara havilitilii mkazo. Maji matamu ya visiwa hivi yamekaa juu ya maji ya chumvi, na kanuni inayojulikana kwa wahandisi ni kwamba kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia mita 40 hivi za maji matamu chini yake. Igeuze kanuni hiyo uone hatari yake: ukivuta hadi ukashusha usawa wa maji kwa sentimita 25, baada ya muda mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 10. Ndiyo sababu maeneo ya mawe, kama Makunduchi na Jambiani kwa Unguja au Micheweni kwa Pemba, hayataki pampu kubwa inayovuta kwa fujo saa chache. Yanataka pampu ndogo, valvu ya kutolea ibanwe kidogo, na kazi igawanywe asubuhi na usiku. Kila wiki ipimwe chumvi kwa kifaa kidogo cha mkononi. Kwa ladha, maji yenye chini ya miligramu 600 za chumvichumvi kwa lita ni mazuri, na yakipita 1,000 watu huanza kuyakataa. Namba ikipanda wiki tatu mfululizo, punguzeni saa za kuvuta mara moja. Msisubiri mama wa nyumbani aseme chai imeharibika, wakati huo mumeshachelewa.

Na kina cha maji kwenye kisima cha karibu na pwani kipimwe kila mara katika hali moja ya bahari. Ukipima leo maji yakiwa yamejaa wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kutoka sana, na wiki ijayo ukapima yakiwa yametoka, utaandika kwamba kisima kimeshuka kumbe ni bahari tu. Hapa mzee mwanajeshi na mzee mvuvi wakae pamoja, maana kalenda ya bamvua na maji mafu ipo kwa mvuvi.

Kisima cha wazi kinaposafishwa, baada ya mvua kubwa kuingiza maji ya juu au palipotokea maradhi ya kuharisha, klorini isitiwe kwa kukisia. Kisima cha duara chenye upana wa mita 1 na maji ya kina cha mita 3 kina lita 2,360 hivi. Kwa dozi ya miligramu 50 kwa lita inahitajika gramu 118 za klorini safi, na kwa poda yenye nguvu ya asilimia 70 hiyo ni gramu 170 hivi. Poda ikorogwe kwanza kwenye ndoo ya plastiki yenye maji. Anayemimina avae glavu na asimame upande unaotoka upepo. Maji yakorogwe kwa kuteka na kurudisha, kisha kisima kifungwe saa 12 hadi 24 na watu waambiwe wazi kwamba hakitekwi. Baadaye maji yatekwe na kumwagwa mbali na mashamba hadi kipimo cha klorini kishuke kwenye miligramu 0.5 kwa lita au chini yake.

Hapa lazima tuseme jambo la roho za watu. Mashine ya petroli isiteremshwe ndani ya kisima, hata kwa dakika moja, hata kwa kamba. Moshi wake una gesi isiyo na harufu wala rangi, na anayeshuka kumuokoa aliyezirai huzirai juu yake. Mshumaa hauitambui gesi hiyo, unaweza kuendelea kuwaka huku mtu anakufa. Hashuki mtu kisimani bila ya mkanda wa kifuani, kamba, na watu wawili juu wenye nguvu ya kumvuta. Na yeyote anayefungua kasha la umeme afunge swichi kuu kwa kufuli, funguo akae nayo mfukoni, atundike kibao: mtu yuko kazini.

Jenereta ina taratibu zake. Unguja haijasahau Desemba 2009 hadi Machi 2010, kisiwa kilipokaa bila ya umeme wa gridi na maji yakawa ya kuhangaikia. Jenereta ya pampu iwe na nguvu isiyopungua mara tatu ya mota, kwa sababu ya ule mvuto wa kuwasha. Liwashwe kwanza jenereta, likitulia ndio pampu. Kuzima ni kinyume chake. Na baina ya jenereta na laini ya ZECO kuwe na swichi ya kubadilishia njia, maana umeme wa jenereta ukirudi kwenye laini utamuua fundi aliye juu ya nguzo akiamini laini imekufa.

Sasa mzee mwenyewe. Kujitolea maana yake hataki mshahara, si kwamba alipe nauli kutoka kwenye pencheni yake. Kamati imlipie nauli na simu. Imnunulie klampu mita ya kupimia ampea, seti ya spana, glavu za umeme na tochi ya kichwani, na vifaa hivyo viandikwe ni mali ya shehia. Ufunguo wa banda usiwe mmoja mikononi mwake. Aandikiwe barua ya sheha inayosema anaruhusiwa kugusa nini, kwa sababu mtandao wa Mamlaka ya Maji, ZAWA, haufunguliwi bila ya ruhusa ya wenyewe, na mzee wa watu asije akaingizwa kwenye lawama kwa wema wake. Pesa ya spea iwekwe mbali na pesa ya Tukuza, yaani ya kununulia umeme. Zikikaa pamoja, umeme wa kesho utazila zote, na kontakta ikiungua mutaanza kuchangishana.

Kisha vijana wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wakiwezekana waliopita mafunzo ya amali, Vitongoji kwa huku Pemba, Mkokotoni au Mwanakwerekwe kwa Unguja. Wasiwe wabeba spana. Kijana apime, kijana aandike, kijana afungue kasha, na mzee akae kwenye kigoda atazame na kuuliza: umepima fezi ngapi? Umefunga swichi? Volti za jana zilikuwa ngapi? Tunawaomba na wazee wenzetu wavumilie hapa, maana mkono uliozoea kazi hukosa subira na hutaka kunyang'anya bisibisi. Kila baada ya miezi mitatu mzee apumzike wiki nzima bila ya kukanyaga bandani, na akirudi asome kitabu kabla hajaiona pampu. Atakachokikuta ndani ya kitabu kitamwonyesha ni wapi vijana bado wanahitaji kufundishwa.

Vipimo vya kina vinavyotakiwa kuwemo kwenye kila kitabu bila ya kukosekana ni viwili kwa mwaka: mwisho wa masika, mwezi wa Juni, kisima kikiwa kimeshiba, na mwisho wa kaskazi, Februari au mwanzo wa Machi, kikiwa kimeshuka. Pampu itundikwe ili hata kwenye kipimo cha kaskazi, ikiwa inafanya kazi, iwe na mita 1 au zaidi ya maji juu ya mdomo wake, na isikaribie matope ya chini. Shehia isiyo na vipimo hivyo inatundika pampu kwa kukisia. Tunawaomba masheha waanze na kuandika majina ya wastaafu wenye ufundi katika shehia zao, na kaunta buku ya kwanza ifunguliwe kabla kaskazi haijaanza kuvuma, Desemba hii.

Mafundi wastaafu wa mitambo ya maji,
Wete, Pemba